Bei ya vyakula vya sikukuu madukani ionyeshwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloonekana wazi katika mji wetu wa Mtwara kila mwaka, minada ya korosho inapopamba moto na malipo ya wakulima yanapoanza kuingia. Supamaketi na maduka makubwa hupanga karibu na mlango vikapu vilivyofunikwa kwa karatasi inayong'aa na kufungwa utepe, ambavyo ndani yake huwa na bati la biskuti kutoka ng'ambo, boksi la tende, chokoleti, pakiti ya mchele wa basmati, chupa ya juisi na kopo dogo la korosho zilizokaangwa. Watu huvinunua kwa ajili ya wakwe, wazazi, viongozi wa dini na wakubwa wao kazini, na wengi hutoka dukani wametumia fedha ambayo ingetosha kulisha nyumba nzima siku ya sikukuu. Je, vyakula hivyo vinastahili bei inayotozwa? Kwa maoni yangu vichache vinastahili na vingi havistahili, na mnunuzi anashindwa kuvitofautisha kwa sababu kikapu huandikwa bei ya jumla tu, bila kuonyeshwa kila kilichomo kina uzito gani na kilo yake ni shilingi ngapi.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Napika pilau na biriani za harusi, za maulidi, za Idd na za Krismasi, na katika kazi hii kila kitu hununuliwa kwa hesabu ya kilo, kwani mpishi asiyejua kilo ya iliki inauzwaje hawezi kumwambia mwenye shughuli sahani moja itamgharimu kiasi gani. Hesabu hiyohiyo ndiyo ninayoomba wasomaji waipeleke kwenye vikapu vya sikukuu.

Nianze na korosho, maana ndizo zinazoniuma kuliko vyote. Mikoa ya Mtwara na Lindi ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya korosho za Tanzania, na nyingi kati ya hizo huuzwa zikiwa ghafi, na maganda yake, kupitia vyama vya msingi vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao zao hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, kisha husafirishwa kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, yaani kutolewa maganda. Katika msimu wa 2024/25 bei ya minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Gunia la kilo 80 likitoa ratili 50 za kiini, yaani kilo 22 na nusu na ushei, huhesabiwa kuwa ni gunia la korosho nzuri; kwa hiyo mbanguaji anahitaji kilo tatu na nusu hadi nne za korosho ghafi ili apate kilo moja ya kiini. Kwa bei hiyo ya mnadani, malighafi peke yake ni shilingi 14,000 hadi 16,000. Ukijumlisha kuni, kazi ya mikono na hasara ya zile zinazovunjika, utakubaliana nami kwamba kilo ya korosho iliyobanguliwa haiwezi kuwa rahisi, na anayewalalia akina mama wanaoziuza barabarani ili wampunguzie chini ya gharama hiyo anawaonea.

Lakini kopo la gramu 200 likiuzwa shilingi 12,000, mnunuzi analipa kwa kiwango cha shilingi 60,000 kwa kilo. Hiyo ni karibu mara nne ya malighafi, na hapo ndipo mtu anapopaswa kujiuliza ziada hiyo ananunulia nini. Sehemu moja ananunua daraja. Korosho nzima hupangwa kwa idadi ya viini katika ratili moja: daraja la W180 ni la zile kubwa kabisa, ambazo ratili yake haizidi viini 180, W240 ni za wastani, W320 ni ndogo zaidi, nazo ndizo zinazouzwa kwa wingi duniani. Tofauti kati ya madaraja hayo ni ukubwa, wala si ladha. Hata vipande vilivyovunjika wakati wa kubangua vimetoka katika kiini kilekile, na vinauzwa kwa bei ya chini kwa sababu havipendezi kwenye bakuli la wageni. Mimi ninaposaga korosho kwa ajili ya rojo ya biriani, au ninapopika kashata, hununua vipande, na sijawahi kupata mlaji aliyeonja tofauti.

Sehemu nyingine ananunua kifungashio, na hapa nataka kulitendea haki duka. Korosho ina mafuta mengi, na ikikaa wazi katika joto na unyevunyevu wa pwani yetu hulegea, hugeuka ladha na kutoa harufu ya mafuta yaliyokaa. Kopo lililotolewa hewa na kufungwa vizuri huzuia hali hiyo kwa miezi mingi. Kwa hiyo anayemtumia ndugu yake aliyeko Mwanza au nje ya nchi ana sababu ya kulipia kopo. Lakini korosho zitakazoliwa Mtwara hapahapa, siku ya Idd au Krismasi, na kwisha kabla ya jua kuzama, hazihitaji ulinzi wa miezi, na fedha inayolipwa kwa ajili ya ulinzi huo imepotea.

Naomba msomaji afike siku moja mahali wanapobangua akina mama. Korosho zikishakaangwa na maganda yake, mama hukaa chini, hupaka mikono majivu ili mafuta ya ganda yasimchubue ngozi, huweka korosho moja juu ya jiwe na kuigonga kwa kipande cha mti kwa kipimo cha nguvu anachokijua yeye, kwa sababu akizidisha kiini kinapasuka na daraja linashuka, na akipunguza ganda halifunguki. Baada ya hapo hukausha viini na kumenya ngozi nyembamba ya kahawia, kimoja kimoja, kwa ncha za vidole. Majivu hayazuii yote. Vidole vya mbanguaji utavitambua kwa weusi na kwa ngozi inayobanduka. Kazi hiyo ndiyo inayostahili kulipwa vizuri wakati wa sikukuu. Inasikitisha kuona kijana wa Newala au Tandahimba, ambaye baba yake ana mikorosho, akimpelekea mkwewe kopo ambalo maandishi madogo ya nyuma yanaonyesha limefungashwa nje ya nchi, huku mama huyo amekaa na ungo wake hatua chache kutoka mlango wa duka.

Vipo vitu ambavyo supamaketi inastahili bei yake, nami huvinunua huko. Zafarani ni mojawapo. Ni ghali popote duniani, na kwa sababu hiyo hughushiwa sana. Katika vipakiti visivyo na jina mara nyingi unauziwa nyuzi za ua jingine zilizotiwa rangi. Zafarani halisi ukiilowesha katika maji ya vuguvugu hutoa rangi ya manjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu kwa muda mrefu. Ya bandia huachia rangi nyekundu mara moja na uzi hubaki mweupe. Biriani ya watu mia ikishatiwa zafarani ya bandia haina dawa. Kipakiti cha gramu moja chenye muhuri wa kampuni inayojulikana, hata kikiwa na bei ya kushtua, kinanunuliwa kwa sababu muhuri unalinda kitu ambacho jicho la mnunuzi haliwezi kukikagua dukani.

Mchele wa basmati nao una nafasi yake, ila nafasi hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Punje yake ndefu hurefuka zaidi ikiiva na haigandani, na ndiyo maana kwa biriani naona unastahili. Kwa pilau sikubali. Pilau inataka mchele unaobeba mchuzi wa nyama na harufu ya bizari, na mchele wa Kyela, wenye harufu yake ya asili, unafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa bei ndogo. Kadhalika iliki, mdalasini na karafuu: nunueni nzima sokoni, mponde nyumbani siku ya kupika. Viungo vilivyosagwa na kufungwa kwenye vichupa vya kupendeza huwa vimepoteza harufu kabla havijafika Mtwara.

Tende sitazizungumzia kwa kirefu. Boksi la Ajwa kutoka Madina lina thamani ya moyoni kwa Mwislamu, na siwezi kuipimia mtu thamani hiyo kwa kilo. Lakini kwa futari ya kila siku tende za kawaida zilizofungwa katika boksi safi zinatosha kabisa.

Biskuti na chokoleti ndivyo vinavyonifanya niseme bila kusita kwamba kikapu hakistahili bei yake. Bidhaa hizi zikitoka nje ya Afrika Mashariki kwa kawaida hutozwa ushuru wa forodha, ambao kwa bidhaa zilizokamilika huwa asilimia 25 na kwa baadhi yake 35, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na baada ya hapo husafirishwa kutoka Dar es Salaam kuja kwetu, safari ya kilomita zaidi ya 500. Biskuti ya unga, sukari na siagi haiwi bora kwa kupita forodhani. Chokoleti ndiyo inayoteseka zaidi, kwa kuwa huyeyuka njiani na kuganda upya dukani, na ukiifungua unakuta ukungu mweupe juu yake. Haimdhuru mlaji, lakini ulaini na mng'ao ambao mnunuzi ameulipia haupo tena. Vileja, visheti na kaimati vilivyopikwa asubuhi ya sikukuu havijapata kunisababishia malalamiko kama hayo.

Jambo jingine ni tarehe. Mwaka mmoja nililetewa kikapu kutoka duka ambalo sitalitaja, na nilipofungua karatasi nilikuta pakiti mbili zimebakiza siku chache kufikia mwisho wa muda wa matumizi na moja imekwisha kupita. Aliyenipa alikuwa mtu mwenye heshima zake, na hakuwa na namna ya kujua, maana karatasi na utepe vilifunika maandishi yote. Sidai kwamba maduka yote hufanya hivyo kwa makusudi. Nasema kwamba kikapu kilichofungwa humnyima mnunuzi haki ya kusoma, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, lingefanya vema kuvikagua vikapu hivi kabla ya sikukuu, pamoja na Wakala wa Vipimo kwa upande wa uzito.

Wapo watakaosema kwamba zawadi haihesabiwi, na kwamba kumpelekea mkwe kitu kilichofungwa vizuri ni adabu. Nakubali kabisa. Mimi mwenyewe nimelelewa katika mtaa ambao sinia la Idd lilifunikwa kwa kawa nzuri kabla ya kupelekwa nyumba ya jirani, na mtoto aliyelibeba aliagizwa avae nguo safi. Adabu ile ilikuwa katika usafi, katika mpangilio na katika kuchagua kilicho bora ulicho nacho. Kikapu cha ukindu kilichosukwa hapahapa, ndani yake mna kilo moja ya korosho za W240, kilo mbili za mchele wa Kyela, iliki nzima, kashata za ufuta wa Lindi na kipakiti kidogo cha zafarani ya kweli, kinaweza kupelekwa kwa mkwe yeyote bila kumwonea haya, na kila shilingi iliyomo imenunua kitu cha kuliwa.

Kwa wenye maduka ombi langu ni jepesi. Waandike kando ya kila kikapu orodha ya vilivyomo, uzito wa kila kimoja, bei yake kwa kilo na tarehe ya mwisho ya matumizi, na anayetaka kununua baada ya hapo anunue kwa hiari yake. Pia watoe rafu moja kwa korosho za vikundi vya akina mama wa hapa. Najua watasema hazina alama ya ubora, na hoja hiyo ina uzito kwa upande wa usalama wa mlaji. Lakini TBS ina utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo wanaoletwa na barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, na SIDO ina ofisi yake hapa Mtwara. Vikundi vinavyobangua vikiianza safari hiyo sasa, na duka hata moja likikubali kuvipokea, korosho za Mtwara zitauzwa Mtwara zikiwa zimebanguliwa na kufungwa na mikono ya Mtwara, kwa bei ambayo mbanguaji ataridhika nayo na mnunuzi hataulizwa nyumbani fedha imekwenda wapi. Mimi niko tayari kuzinunua huko kwa shughuli zangu, kwa kilo na kwa bei ya rafuni.

Wako mtiifu,
Mpishi wa shughuli,
Chikongola, Mtwara