Malalamiko kuhusu seti ya Dodge Charger R/T ya 1969: kioo kilicholiwa na tairi, bodi iliyobonyea na maelekezo ya rangi yanayoharibu kazi

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA MAJIBU YENU KUHUSU SETI YA DODGE CHARGER R/T YA 1969, SKELI 1:25

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika kwa niaba ya kikundi cha waunda modeli walionunua kwenu seti hii, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha gari dogo la modeli, dogo mara 25 kuliko gari halisi. Barua yenu ya majibu inasema kioo cha mbele kiliharibiwa na thina iliyomwagika mezani kwa mnunuzi, na kwamba rangi ilipasuka kwa sababu fundi hana uzoefu. Hatukubali hata moja kati ya hayo mawili. Ushahidi umo ndani ya maboksi ambayo bado yamefungwa kwenye rafu zenu, na tunawaomba myafungue wenyewe mkiwa na barua hii mkononi.

Tuanze na kioo. Thina ikimwagika juu ya plastiki angavu huacha ukungu mweupe na mipasuko midogo isiyo na mpangilio, nayo hufuata njia ya kimiminika kilipotiririka. Alama iliyopo kwenye vioo hivi si ya namna hiyo. Shikeni kioo kwa mshazari mbele ya dirisha mtaona kashata za tairi zimejichora, mstari kwa mstari, kwa upana uleule wa tairi la nyuma. Hakuna thina inayoweza kuchora kashata.

Chanzo chake kinajulikana. Matairi ya seti hii ni ya vinili laini. Vinili kwa asili ni ngumu. Kiwandani hulainishwa kwa mafuta maalumu ambayo hayashikamani nayo moja kwa moja, bali hukaa ndani yake na kutoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mafuta hayo yakigusa polistairini, ambayo ndiyo plastiki ya bodi na ya vioo, huilainisha mpaka tairi linazama ndani yake. Joto huharakisha jambo hilo, na boksi lililokaa ndani ya kontena juani bandarini limepata joto la kutosha. Katika maboksi yote tuliyofungua, matairi manne yalikuwa yamelala huru juu ya fremu ya vioo (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande mpaka vikatwe), ndani ya mfuko mmoja. Kosa hili ni la upakiaji, na tiba yake ni mfuko mdogo wa nailoni wa peke yake kwa matairi.

Mmetushauri tung'arishe kioo hicho kwa msasa laini. Msasa wa namba 2000 na kuendelea, ukifuatiwa na dawa ya kung'arishia, huondoa mikwaruzo ya juu. Hapa plastiki imeondoka. Ukisugua hadi chini ya bonde, kioo kinakuwa chembamba upande mmoja na taswira inapinda. Wala huwezi kukata kipande cha karatasi ngavu kikashika nafasi yake, kwa sababu kioo cha mbele cha Charger kimejikunja pande mbili, wima na mlalo. Kwa madirisha ya milango ingewezekana. Kwa kioo cha mbele, dawa ni kipande kipya kutoka kiwandani.

La pili ni bodi. Charger ya mwaka 1968 hadi 1970 inatambulika kwa nguzo zake za nyuma zinazoshuka kutoka paani hadi kwenye buti, huku kioo cha nyuma kikiwa kimezama katikati yake. Ndipo uzuri wa gari hili ulipo, na ndipo bodi yenu ilipobonyea, kulia na kushoto. Pale plastiki ni nene. Sehemu nene huchelewa kupoa ndani ya kalibu, na inapopoa husinyaa na kuvuta uso wake ndani. Shinikizo likiondolewa mapema kabla haijaganda, bonyeo hubaki. Fundi anaweza kuziba kwa puti, lakini kwa tabaka nyembamba, kila moja ikikauka kabisa kabla ya nyingine, kwa sababu puti nene nayo husinyaa na bonyeo hurudi baada ya rangi kukauka. Halafu kuna ukingo mkali wa nguzo na mstari wa mfuniko wa buti, ambao msasa huufuta, kwa hiyo inabidi uchorwe upya kwa sindano na rula ya chuma. Hiyo si kazi ya kumwachia mtu aliyenunua boksi lililoandikwa kwamba linamfaa anayeanza.

Bodi hizo pia zimepinda. Gari lenyewe lina inchi 117 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani milimita 2,972. Kwa skeli 1:25 ni karibu milimita 119. Chesisi yenu tumeipima na iko sawa, na tunasema wazi kwamba imechongwa vizuri: springi za majani za nyuma na vyuma vya msokoto vya mbele vinaonekana bila shida. Lakini ukiiweka bodi juu ya kioo cha meza, kona moja ya mbele inaelea kwa takriban milimita 2. Ukiifungia chesisi kwa nguvu, inakwenda na msokoto huo na tairi moja haligusi chini. Maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 70 huweza kuinyoosha, ila nguzo za kioo cha mbele ni nyembamba mno na ndizo huvunjika kwanza.

Sasa tuje kwenye karatasi ya maelekezo ya Kiswahili mliyoiongeza ninyi wenyewe. Kutoa maelekezo kwa Kiswahili ni jambo jema, na ndiyo maana makosa yake yanatuuma zaidi. Karatasi ya kiwandani haina makosa haya. Yameingia kwenye yenu.

Inasema bodi ipuliziwe rangi ya laka iliyochanganywa na thina ya gereji moja kwa moja juu ya plastiki tupu. Thina hiyo imetengenezwa kwa ajili ya bati la gari. Juu ya polistairini hula uso na kuacha nyufa ndogondogo kama za matope yaliyokauka, kwanza kwenye kona ambako plastiki ilibanwa ndani ya kalibu. Jaribuni wenyewe kwenye kijiko cha plastiki hiyo hiyo, au kwenye kipande cha fremu kinachotupwa. Utaratibu sahihi ni kuosha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kalibu (yasipoondolewa rangi hukimbia na kuacha vidoa vya duara), kuviacha vikauke, kusugua mishono ya kalibu kwa msasa wa maji namba 600 kisha 800, halafu kupuliza praima ya modeli, yaani rangi ya msingi, kwa tabaka mbili au tatu nyepesi. Praima ndiyo kinga. Hata juu yake, tabaka za kwanza za laka ziwe za vumbivumbi, zinazokauka karibu zinapotua, ndipo lije tabaka zito linalolowesha uso wote.

Inasema tena kwamba rangi ya enameli ipigwe vanishi ya laka baada ya saa moja. Enameli ya saa moja imekauka juu tu. Viyeyushi vya laka hupenya, huvimbisha kilicho chini, na rangi yote hujikunja. Enameli inahitaji siku kadhaa, na dalili yake ni pua: kama bado inanuka, haijaiva. Kwa asiye na hakika, vanishi ya akriliki inayochanganywa na maji ni salama zaidi.

Hakuna hata neno moja kuhusu unyevu, ilhali karatasi imeandikiwa watu wa pwani. Wakati wa masika Dar es Salaam, thina inayoruka haraka hupoza uso wa bodi, mvuke wa hewani hugeuka maji juu yake, na rangi inakuwa na utando wa maziwa. Mnunuzi wa bluu B5, bluu ya kung'aa ya Dodge, anaona bluu yake imefifia, anadhani kopo ni bovu. Ilitosha kumwambia asubiri siku kavu, au atumie thina inayokauka polepole.

Kuhusu kromu, karatasi inaagiza bampa zigundishwe kama zilivyo. Gundi ya plastiki haishiki juu ya kromu. Lazima kromu ikwanguliwe mahali pa kuungana. Na kwa kuwa kiwanda kimeweka vikonyo vya fremu upande wa mbele wa bampa, kila anayekata anabaki na doa tupu usoni. Anayetaka kuanza upya aloweke bampa kwenye jiki, kromu itoke, kisha apake nyeusi inayong'aa na rangi ya kromu juu yake.

Yapo mengine mawili ya usahihi. Boksi linaahidi injini ya Hemi 426, na vipande ni vya Hemi kweli, lakini karatasi inaonyesha waya za plagi zikiingia ubavuni mwa injini kama za 440, injini nyingine ya Charger. Kwenye Hemi waya nane zinaingia katikati ya mifuniko ya valvu, na ya tisa inakwenda kwenye koili. Mifuniko yenyewe ni nyeusi yenye mikunjo, si ya chungwa; chungwa ni la bloku. Pia taa ndogo za ubavuni kwenye bodi ni za duara, ambazo ni za 1968. Za 1969 ni za mstatili, sawa na grili yenu iliyogawanyika katikati na taa ndefu za nyuma, ambazo ziko sahihi. Mnunuzi analipia mwaka mmoja, anapewa miaka miwili.

Tunadai mambo yafuatayo: kila mnunuzi apewe fremu mpya ya vioo na bodi isiyopinda, bila gharama ya usafirishaji, maboksi yaliyobaki yafunguliwe na matairi yatengwe kabla hayajauzwa, na karatasi ya Kiswahili iondolewe hadi itakaposahihishwa. Tuko tayari kuipitia pamoja nanyi bila malipo. Tumeambatisha picha za vioo, vipimo vya bodi na vijiko vya majaribio ya rangi.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, tutapeleka nakala ya barua hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wenu,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha waunda modeli