Hasimu wa Vichekesho Aumbuke, Asiumizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo la juma lililopita, alilalamika kwamba filamu nyingi za vichekesho huwaachia wahusika wabaya waende zao bila kuguswa, akahitimisha kwamba mhusika yeyote aliyemchukiza mtazamaji tangu mwanzo hana budi kukiona cha mtema kuni kabla filamu haijaisha. Nakubaliana naye nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tulikuwa na mgawanyo mwepesi wa binadamu: kulikuwa na stelingi na kulikuwa na adui, stelingi hafi, na adui lazima afe. Katika filamu za ngumi mgawanyo huo ulitosha, kwa sababu adui alikuwa ameshaua mtu katika dakika kumi za kwanza na hakuna aliyekuwa na shaka juu ya deni lake. Tatizo linaanza tunapoingia katika vichekesho na kanuni hiyo hiyo mkononi. Huku, anayeitwa adui mara nyingi ni mwanamume aliyefika kwa msichana kabla ya stelingi, au mwenye gari zuri kuliko lake, au anayecheka kwa sauti inayokera. Kutopendeza si kosa. Mtu anaweza kuwa na maringo, akajipaka manukato kupita kiasi na kujisifu mezani, na bado akawa hana deni la mtu yeyote.

Kiswahili chetu kina neno ambalo naona linatatua sehemu kubwa ya ubishi huu, nalo ni kuumbuka. Mtu huumbuka pale kile alichokuwa akikificha kinapotoka hadharani mbele ya wale wale aliokuwa akiwadanganya. Hakuna anayempiga wala kumwekea mtego. Ukweli wake mwenyewe ndio unaomvua nguo. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kuumizwa, na dai langu ni kwamba hasimu wa vichekesho anastahili la kwanza na si la pili, tena analistahili endapo tu ana kitu cha kuumbuliwa nacho.

Nichukue mfano ambao wengi wa rika langu wanaufahamu. Katika Coming to America, filamu ya mwaka 1988, Eddie Murphy anaigiza mwana wa mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Zamunda, Akeem, anayekwenda Queens, New York, kutafuta mke atakayempenda yeye na si taji lake. Hasimu wake ni Darryl Jenks, aliyeigizwa na Eriq La Salle, kijana ambaye familia yake ina utajiri unaotokana na mafuta ya nywele, mafuta yenyewe yakiwa mengi kiasi kwamba wanapoinuka kwenye kochi la wenyeji wao wanaacha madoa pale vichwa vyao vilipoegemea. Darryl anaudhi kwelikweli. Kwenye mchezo wa mpira wa kikapu anamkejeli Akeem kana kwamba mtu kutoka Afrika huvaa nguo kwa mara ya kwanza anapofika Marekani, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi la mbao mjini Tanga nililipokea neno lile kana kwamba nimetukanwa mwenyewe.

Hata hivyo deni lake halisi liko penginepo. Katika mkusanyiko mmoja kunapitishwa mchango. Akeem anatumbukiza kitita cha noti kimya kimya bila kujitaja, na sifa zinapomtafuta mwenyewe, Darryl anazivaa. Baadaye uchumba wake na Lisa, msichana ambaye Akeem naye anampenda, unatangazwa mbele ya wageni kabla Lisa mwenyewe hajaulizwa. Hayo ni makosa, na ni makosa ya aina moja: anachukua kisichokuwa chake na kutegemea kwamba hakuna atakayeuliza. Mwishowe analoweshwa na mvua na kumkosa Lisa, na anayemhurumia ni Patrice, nduguye Lisa. Msomaji mwenzangu bila shaka angetaka zaidi. Mimi naona hesabu imekwenda sawa, kwa sababu alichokuwa akitafuta kwa sifa za wizi kilikuwa kupendwa, na alichokikosa ni hicho hicho. Hakuvunjwa mguu, na kampuni ya baba yake haikuteketea.

Tena filamu hiyo ina uadilifu ambao watu huusahau wakishacheka. Akeem naye ni mwongo. Amejifanya mchungaji wa mbuzi asiye na kitu, na siku Lisa anapogundua yeye ni nani, anaumbuka kuliko Darryl: anaachwa, anamfuata msichana hadi ndani ya treni ya chini ya ardhi, anasema yuko tayari kuuacha ufalme, na bado anakataliwa. Atakuja kumpata, hilo tunalijua, lakini kwanza amelipa. Mtunzi anayemtoza stelingi wake ushuru ule ule anaomtoza hasimu ndiye ninayemwamini.

Sasa twende kwa mfano unaonisumbua. Mrs. Doubtfire ilitoka mwaka 1993, Robin Williams akiigiza Daniel, baba aliyeachika wa San Francisco ambaye anajigeuza bibi mzee kutoka Uingereza ili aajiriwe kuwatunza watoto wake mwenyewe. Hasimu ni Stu, aliyeigizwa na Pierce Brosnan, mwanamume mtanashati na mwenye fedha anayeanza kumchumbia Miranda, mama wa watoto. Msomaji mwenzangu angemweka Stu moja kwa moja katika safu ya maadui, na nakiri hata mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza. Lakini ukimtafutia kosa unahangaika. Anawapenda wale watoto, anasema hivyo hata pale asipojua kwamba Daniel anamsikia. Kosa lake ninaloweza kulionyesha kwa kidole ni kwamba, akizungumza na rafiki yake kando ya bwawa la kuogelea, anamwita Daniel mtu aliyeshindwa na maisha. Papo hapo ndimu inaruka kutoka baa, aliko Daniel, na kumpiga kisogoni.

Ndimu ile naikubali. Watoto wetu wamesikia hadithi ya Abunuwasi na tajiri aliyemshtaki maskini kwa kula mkate wake mkavu kwa harufu ya nyama iliyokuwa ikipikwa jikoni mwa huyo tajiri: Abunuwasi alitikisa fedha, tajiri akasikia mlio wake, akaambiwa kwamba harufu imelipwa kwa sauti na kesi imekwisha. Hapo ndipo kilipo kipimo cha vichekesho. Neno moja la kejeli, ndimu moja ya kisogo. Nembo ya Mercedes ya Stu kung'olewa na Daniel kwenye boneti tayari kumezidi kidogo, ingawa chuma hakisikii maumivu.

Pilipili ndiyo siikubali. Mgahawani, Stu anaagiza jambalaya, ule wali wa Louisiana wenye viungo, na anaomba usitiwe pilipili kwa sababu ana mzio nayo. Daniel anaingia jikoni na kuimwagia sahani yake pilipili. Stu anapaliwa, anashindwa kupumua, anakaribia kufa mbele ya watoto. Nje ya sinema jambo hilo lingeishia polisi.

Najua nitajibiwa kwamba vichekesho ni mchezo na hakuna anayeumia kweli. Hoja hiyo ina nguvu pale mtu anapoteleza kwenye ganda la ndizi, kwa sababu tumekubaliana tangu zamani kwamba mwili wa mchekeshaji ni mpira, unadunda na kusimama. Lakini filamu yenyewe ndiyo iliyotuambia kwamba Stu ana mzio. Ilichagua kumpa mwili kama wako na wangu, koo linaloweza kuziba, halafu ikatuomba tucheke kana kwamba hatukuambiwa.

Na hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na msomaji mwenzangu, anayeamini kwamba Stu aliachwa mwema kwa sababu watunzi walikosa ujasiri wa kumfanya mbaya. Naona kinyume chake. Filamu hiyo haiwarudishi Daniel na Miranda pamoja. Wanabaki wametengana, na watoto wanaambiwa ukweli huo. Kama Stu angegeuka tapeli, au angekutwa na mwanamke mwingine, Miranda angepewa sababu rahisi ya kurudi kwa mumewe, na hasimu angekuwa amelipia ndoa iliyovunjika kwa makosa ambayo hakuyatenda yeye. Ndivyo filamu nyingi za aina hii zinavyokwenda: hasimu anatiwa doa katika robo saa ya mwisho, si kwa sababu alikuwa nalo, bali kwa sababu mtunzi anahitaji kumwondoa mezani. Ni uvivu, na sisi watazamaji tunaushangilia.

Stu hakuumbuka kwa sababu hakuwa na la kufichwa. Aliyekuwa nalo alikuwa Daniel, na tazama ajali inavyomwangukia: anapomkimbilia Stu, ambaye yeye mwenyewe alimwekea pilipili, anamkumbatia kwa nyuma na kumbana tumbo ili chakula kitoke kooni, na katika purukushani hiyo uso wake wa bandia unabanduka mbele ya Miranda na watoto. Anamwokoa hasimu na kuumbuka kwa tendo moja. Baadaye mahakama inamruhusu kuwaona watoto wake kwa usimamizi tu.

Nimeitazama tena mwezi uliopita nikiwa na mpwa wangu wa miaka 9, ambaye alicheka sana kwenye ndimu. Kwenye pilipili alinyamaza, akaniuliza, "Mjomba, huyu kafanya nini?" Nikamwambia hajafanya kitu. Akafikiri kidogo, kisha akataka kujua kama Stu aliletewa sahani nyingine. Nilirudisha nyuma kidogo, tukaangalia pamoja. Hatukuiona.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu, Tanga