Boorish sio mshamba

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi niongelee hili neno la Kiingereza "boorish", la mtu asiye na adabu, manake kila nikiona limetafsiriwa watu wanakimbilia "mshamba" na yameisha, mtu anabwata kwenye simu katikati ya watu, anamkatiza mzee anayeongea, basi kaitwa mshamba. Hapo tunawaonea wakulima bure.

Ila uonevu wenyewe hatukuuanza sisi. Waingereza walilipata neno hilo kwa Waholanzi, karne ya 16 huko, na kwa Kiholanzi boer ni mkulima tu, analima zake, hajamtukana mtu. Kufika Uingereza likawa mtu wa shamba asiyejua adabu, baadae shamba likasahaulika ikabaki kukosa adabu. Na ni boer huyohuyo ambaye wale wenye asili ya Kiholanzi kule Afrika Kusini walijiita wala hawakuona aibu, nasi tukalivuta kwetu tukapata kaburu na makaburu, kwa hiyo kaburu na boorish ni ukoo mmoja, japo kaburu ana kesi nzito kuliko kukosa adabu!

Na sio hilo peke yake. "Churlish", la mtu mkorofi asiye na adabu, nalo limetoka kwa ceorl, mtu huru wa tabaka la chini katika Kiingereza cha kale, na jina Charles lina asili hiyohiyo, yaani ndugu mmoja kageuka tusi mwenzie kavaa taji. Hata "villain", ambaye leo ni mtu mwovu, alikuwa kibarua kwenye shamba la bwana. Waliokuwa wanajua kuandika ndo walioamua nani hana adabu, mwenye jembe nani angemuuliza.

Moja tu naona liliwaponyoka, "surly", la yule mtu wa kununa na kujibu wenzie kwa mkato. Zamani liliandikwa sirly, kutoka kwa "sir", yaani mtu anayejifanya bwana mkubwa, hilo ndo nalipenda kuliko yote manake limewarudia wenyewe.

Sasa ombi langu kwa wanaoandaa safu yenu ya maneno, wakifika kwenye boorish waandike mfidhuli, neno tunalo na wazee wanalijua vizuri tu. Na kama wanaona vijana hawatalielewa basi "hana adabu" inatosha, mshamba wamuache na shamba lake.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote.