Watoto wetu wapimwe homoni kabla ya wiki mbili

Mhariri,

Nimesikia ikidaiwa, hata na watu wa afya, kwamba upungufu wa homoni ya thairoidi (tezi ya shingoni) kwa watoto wachanga ni shida ya makabila fulani, kwa hiyo wengine tusihangaike. Dai hilo linanitia hofu.

Ni kweli kwamba Marekani, ambako wachanga hupimwa kwa kawaida, wenye asili ya Asia hukutwa na upungufu huu zaidi kuliko weusi. Lakini mweusi wa kule si Mdigo wa Likoni, na hapa Mombasa nyumba moja huwa na damu ya Mmijikenda, Mwarabu na Mhindi. Tena kiwango cha homoni hakifuati kabila peke yake. TSH, homoni inayoichochea thairoidi na ambayo ikiwa juu huashiria upungufu, hupanda ghafla mtoto anapozaliwa, kisha hushuka kwa siku mbili tatu; ukimtoboa kisigino kuchukua damu mapema mno, hata mzima anaweza kuonekana mgonjwa. Kuna njiti, kuna mtoto wa mama aliyekosa madini ya iodini; vipimo vyao navyo hubadilika.

Duniani upungufu huu humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000. Akianza kidonge cha levothairoksini, kinachojaza homoni hiyo, ndani ya wiki mbili, hukua kama wenzake. Akicheleweshwa, akili hudumaa, na hilo halirudi.

Kinachoniuma ni kwamba dalili zake hupokewa kwa sifa. Mtoto analala mno, halii, ananyonya kidogo, na shangazi zake wanasema, "Mashallah, mtoto mpole huyu!" Macho yamebaki manjano, choo kigumu, na bado hakuna anayeshtuka.

Mama akitoka hospitali, mara nyingi siku ya pili, anaingia arobaini yake. Kliniki ya chanjo ni wiki ya sita. Kufikia hapo tumeshachelewa.

Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita mlango kwa mlango. Wapewe mafunzo na kadi za kukaushia damu, wamfuate mtoto nyumbani siku ya tatu. Damu iliyokauka haihitaji barafu. Itafika maabara salama kutoka Mtongwe au Jomvu. Kila kadi iandikwe saa ya kuzaliwa, saa ya kutobolewa na uzito, ili tupate viwango vya watoto wetu wenyewe.

Idara ya afya ya kaunti itujibu: bajeti ijayo imetenga shilingi ngapi kwa kadi hizo, na maabara gani itazisoma?

Mkunga mstaafu,
Likoni, Mombasa