Kompresa haisafishi sauti jamani

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenichosha. Siku hizi kila mtu anarekodi nyumbani, muziki, podikasti, mawaidha, na akisikia sauti haijatulia anakimbilia kununua maiki ya bei mbaya, ikifika anafungua kompresa kwenye programu anaizungusha mpaka mwisho halafu anashangaa mbona feni inasikika kuliko yeye.

Kompresa kazi yake ni kushusha pale unapopaza, basi. Ukishabana inabidi uipandishe sauti yote irudi juu, na balaa linaanzia hapo, ukipandisha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 na kelele ya chumba imepanda 6 hizohizo, mwangwi, pumzi, kiti kinacholia, vyote vinakuja mbele.

Kwa hiyo anza na maiki. Kaa kama sentimita 15 mpaka 20, igeuze pembeni kidogo ili zile P na B zisiipige usoni. Ukiikaribia mno besi inavimba, ukikaa mbali unarekodi chumba. Kama ni kadioidi, yaani maiki inayosikiliza zaidi mbele, haisikii sana mgongoni, basi hiyo feni (kama kweli haizimiki) iwe nyuma ya maiki. Maiki nyingi za aina ya kondensa zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa unachozichomekea, zile za aina ya dainamiki za kawaida hazina habari nao. Geini, yaani kiasi unachokuza sauti ya maiki inapoingia, ipime kwa ile sehemu unayopaza kuliko zote, siyo kwa "moja mbili, moja mbili" ya kunong'ona, kilele kiishie kwenye desibeli -12 au -10 hivi za mita, ukiwa unarekodi kwa biti 24 (inayonasa vizuri hata sauti ya chini) hakuna sababu ya kukimbilia nyekundu ya mita, na sauti ikishapasuka pale kompresa haikusaidii kitu.

Halafu rekodi kavu, bila kompresa, bana baadaye, maana ukibana wakati unarekodi imeshaingia hiyo haitoki tena.

Resho, yaani kiwango cha kubana, weka 3 kwa 1, maana yake sauti ikivuka threshodi (mpaka ambapo kompresa inaanza kubana) kwa desibeli 3 inatoka na 1 tu. Shusha hiyo threshodi taratibu mpaka mita ionyeshe inabana desibeli 3 hivi, 6 kwa maneno unayoyapaza sana, kwenye maongezi ya kawaida itulie. Ataki, yaani muda inaochukua kuanza kubana, weka milisekunde 10, ukiiweka 1 mianzo ya maneno inakuwa butu. Rilisi, yaani muda inaochukua kuachia, jaribu milisekunde 100 usikilize, ikiwa fupi mno utasikia chumba kinapumua katikati ya sentensi. Na ukitaka kujua kama imesaidia, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza ndo uwashe na kuzima, maana sikio likisikia kitu kiko juu zaidi linadhani ndo kizuri, watu wengi wanajidanganya hapo.

Mhariri, kurasa zenu za teknolojia zinatuletea orodha ya maiki mpya kila mara, hebu siku moja tuandikieni kuhusu mapazia mazito na mablanketi ya kutuliza mwangwi wa chumba.

Msomaji wenu