Barua kwa vijana wa Kisenyi mnaokwenda Igoma

Wajukuu zangu, assalaam alaykum.

Nimesikia mmekodi basi la kwenda Mwanza kuwazuru watu wa meli ya MV Bukoba waliozikwa Igoma. Vyema. Ila mjue mapema kwamba Igoma si ufukweni. Meli ilizama Ziwa Victoria asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia Mwanza. Makaburi yako nchi kavu, upande wa barabara ya Musoma. Msifike mkaanza kutafuta maji ya kupigia picha. Someni Fatiha kwanza, na asiye Mwislamu aombe kwa dini yake.

Kisha ulizaneni: walikuwa wangapi? Hapo ndipo ninapotaka mkae. Meli ile ilikuwa ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo maana mpaka leo huyu atakwambia mia nane na kitu, yule atakwambia elfu. Watu wa chini, wenye mikungu ya ndizi na watoto mgongoni, hawakuandikwa popote. Waliobaki hai ndani ya meli iliyopinduka walisikika wakigonga. Bati likatobolewa wapate kutolewa, hewa ikatoka, meli ikadidimia. Hayo siyaongezi neno.

Msiseme ni mambo ya Watanzania, tena ya zamani. Boti ya MV Templar ilipozama huku kwetu Uganda, Mukono, Novemba 2018, wakafa zaidi ya watu 30, nasi tulikuwa tunaulizana hivyo hivyo: walipanda wangapi? Mimi mwenyewe niliwahi kuvuka kwenda visiwa vya Ssese nimekalia jaketi la kuokolea kama mto, na mwenye boti alihesabu nauli, hakuhesabu vichwa. Nikanyamaza, nisionekane mwoga. Mzee mzima!

Wenye hamu ya kurudi kwa meli hadi Bukoba siwakatazi. Lakini mwandikishwe jina kabla hamjakanyaga ngazi, na jaketi mlijue lilipo. Karani akiwacheka, acheni acheke.

Basini pia ni hivyo hivyo. Daftari liko kwa Hajati: jina kamili, na simu ya mtu wa nyumbani. Analifunga Alhamisi baada ya Isha.

Babu yenu