Piko ya bibi harusi ni rangi ya nywele

Mhariri,

Desemba 2024, kamati ya UNESCO iliyokutana Asunción, Paraguay, iliitia hina na mila zake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ombi lilipelekwa kwa pamoja na nchi 16 za Kiarabu, Oman, Yemen na Sudan zikiwamo. Pwani yetu haimo. Hilo halituumi sana, mila haingoji cheti. Linalotuuma ni kwamba huku Lamu, Mombasa na Unguja, wanachopakwa mabibi harusi siku hizi mara nyingi si hina.

Tunazungumzia piko. Mtindo wetu unajulikana: ua huzungushiwa mstari mweusi wa piko, ndani likajazwa hina nyekundu. Ni mtindo mzuri, na hatuna ugomvi na weusi wenyewe. Ugomvi wetu ni na kinacholeta weusi huo. Piko inayouzwa madukani kwa kawaida ni unga wa kupaka nywele, unaokorogwa kwa maji au kwa dawa yake ya chupa. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu katika rangi ya nywele tu, tena isizidi asilimia 2 ikishachanganywa. Kuchorea ngozi ni marufuku. Mchoraji wa piko hapimi asilimia. Anakoroga mpaka uji umridhishe kwa uzito, akiona mstari haujakoza anaongeza unga.

Ubaya wa PPD ni kwamba siku ya harusi haisemi kitu. Kwa ambaye mwili wake haujawahi kuikataa, madhara huweza kuanza wiki moja au mbili baadaye, fungate ikiwa katikati: mwasho, uvimbe, kisha malengelenge yanayofuata mchoro ule ule, ua kwa ua, jani kwa jani. Kwa aliyekwisha kuikataa mara moja, siku moja hadi tatu zinatosha. Ndiyo maana lile jaribio la kupaka tone nyuma ya sikio na kungoja nusu saa halina maana yoyote. Vidonda vikipona huacha alama nyeupe au nyeusi za miezi, wakati mwingine kovu la kudumu. Na mwili ukishaikataa PPD hausahau. Miaka ishirini baadaye mama huyo akipaka mvi zake rangi, anaweza kuvimba uso mpaka macho yakafumba. Baadhi ya dawa za ganzi za kupaka na rangi za nguo nyeusi nazo huweza kumletea taabu.

Kwa nini basi piko inapendwa? Wengi husema ni kwa ajili ya picha. Sisi tunaona sababu kubwa ni haraka. Piko hukoza kabla ya saa moja kwisha. Hina ina mwendo wake: ukiikwangua huacha rangi ya chungwa iliyopauka, kesho yake inaelekea kahawia, na inakolea sawasawa baada ya saa 48. Bibi harusi anayechorwa usiku wa kuamkia nikaha ataingia ukumbini na mikono ya rangi ya karoti, na lawama zote zitamshukia mchoraji. Wahindi wana msemo kwamba hina ikikolea sana, bibi harusi atapendwa sana huko aendako. Msemo huo umefika kwetu pia, na umewatia hofu wasichana wengi bure. Hina hukolea kwa unene wa ngozi, joto na muda. Kiganja na wayo hukoza kuliko mgongo wa mkono hata kwa bibi harusi asiyependwa na mtu.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kalenda. Nikaha ikiwa Ijumaa alasiri, hina ichorwe Jumatano mchana, si Alhamisi usiku. Singo na kuondoa vinyweleo vitangulie, kwani vyote viwili huchubua ngozi ya juu, na hiyo ndiyo inayoshika rangi. Kumsinga bibi harusi baada ya hina ni kuikwangua hina kwa mkono wako mwenyewe. Masomo wa zamani, yaani makungwi wa bibi harusi, walijua mpangilio huu. Siku hizi saluni na mpiga picha ndio wanaopanga ratiba. Mikono ioshwe kwa sabuni, isipakwe mafuta wala losheni.

Kukoroga nako kuna kipimo. Gramu 100 za unga mbichi wa hina, uliochekechwa mara mbili kwa kitambaa chepesi ili usizibe koni ya kuchorea, zichanganywe na maji ya ndimu kiasi cha mililita 250, sukari vijiko vitatu vya chakula na mafuta ya mkaratusi mililita 30. Mtu mjamzito asitiliwe mafuta hayo mpaka amuulize daktari. Ndimu huyeyusha rangi polepole, sukari hufanya uji ushike ngozi usipukutike. Funika, uache mahali pa joto. Kwa hali ya hewa yetu, saa 6 hadi 8 zinatosha. Weka tone kiganjani kwa dakika tano: likiacha doa la chungwa, tia kwenye koni. Wengi hukosea kwa kuharakisha kwa maji yanayochemka, rangi ikatoka mara moja na kufa kabla ya kuchorwa. Wengine hutia petroli au mafuta ya taa; hao tuwaombe waache.

Mchoro ukikauka, ugongwegongwe kwa pamba iliyochovywa ndimu na sukari. Ukae saa 6 hadi 8. Ukwanguliwe kwa kisu butu, usioshwe, na maji yasiguse kwa saa 12, afadhali 24. Kisha kuna ufundi ambao Wazanzibari hawana haja ya kuununua: kaanga karafuu kavu kwenye kikaango mpaka zitoe moshi, umwinulie bibi harusi mikono juu yake, mbali kiasi cha kutoungua. Joto ndilo linalofanya kazi.

Koni za dukani zinahitaji jicho. Hina halisi huharibika kwa siku mbili tatu nje ya friji. Koni iliyokaa rafuni miezi sita na bado inakoza ina kitu kingine ndani. Ikiahidi weusi kwa dakika 30, hiyo ni piko hata kama paketi ina picha ya majani ya mhina. Anayetaka mstari mweusi kweli atafute jeli ya jagwa, itokanayo na tunda la Amerika Kusini. Hutoa rangi ya samawati inayokaribia nyeusi, bei yake ni kali, na wapo wachache ambao ngozi zao huikataa pia.

Neno moja kuhusu watoto, maana kwenye harusi zetu wachanga nao hupakwa ili wafanane na mama zao. Hata hina safi isipakwe mtoto mchanga. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao si haba pwani, huweza kuvunjikavunjika chembe nyekundu za damu kwa sababu ya hina na akapungukiwa damu vibaya.

Tunayaomba mashirika ya viwango, TBS kwa upande wa Tanzania na KEBS kwa upande wa Kenya, yazipime koni na unga unaouzwa kwa jina la hina na piko, na yamlazimishe muuzaji aandike kilichomo kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Kwako mhariri, kurasa zako za harusi hutoa picha za mikono yenye piko karibu kila wiki. Chini yake panatosha mstari mmoja wa onyo. Na ambaye mkono umeshaanza kumwasha asipake dawa ya meno wala limau. Aoshe kwa maji mengi na sabuni laini, asitumbue malengelenge, aende hospitali na paketi ya piko mkononi ili daktari asome kilichomo ndani yake.

Wachoraji hina,
Mombasa